Mfuate Mkono

Kila Jumanne baada ya alasiri, katika chumba cha chanjo
nyuma ya zahanati ya Langoni, tunapanga viti kumi na vinne:
saba vya waliosahau,
saba vya sisi tusiopewa ruhusa ya kusahau kitu,
dawa ya saa nne, funguo ya mlango wa nje,
bakuli la pili la uji baada ya lile la kwanza kumwagwa.

Kadzo ametoka Malindi na spika ndogo rangi ya damu ya mzee.
Havai saa. Husema: mabega juu, mabega chini,
toeni kisigino, kirudisheni nyumbani.
Na visigino hurudi, vingine kwa njia ya mbali.
Bi Mwanaharusi hupiga makofi kabla ya wakati
kama mtu aitikiaye hodi ya nyumba ya pili.
Bi Barke anashika ncha ya leso, mkwewe ncha nyingine,
wanapepeta hewa iliyo kati yao.
Wamegombana asubuhi; najua kwa namna leso ilivyokazwa.
Nje barazani Mzee Shali amepakata viatu vya mkewe,
maana juzi alirudi na viatu vya watu wawili.

Mama yangu hatoi bega wala kisigino.
Miaka miwili namsahihisha.
Mama, mimi ni Salha. Mama, leo si Ijumaa.
Mama, Baba alikufa.
Nimemfisha baba yangu mara mia kwa kutaka kuwa mkweli,
na kila mara ni yeye aliyeanza eda upya.

"Leo walezi hamwongozi," Kadzo akasema. "Mnafuata.
Mkono ukienda, nendeni nao. Msiulize unakwenda wapi."

Spika ikanyamaza.
Mkono wa kulia wa Mama ukajaza kata isiyokuwepo,
ukaiinamisha upande wa kuume, polepole,
toka begani hadi kidole cha mguu,
ukarudi, ukajaza, ukaiinamisha kushoto.
Mkono wa pili ukapita chini ya shuka isiyokuwepo
bila kuifunua.

Nikafuata. Na kwa kuwa mikono huambukizana,
chumba kizima kikafuata.
Kadzo akatabasamu: "Vizuri! Tunamwagilia maua."
Lakini Bi Barke, asiyejua huu ni mwezi gani,
aliivuta leso akajifunika kichwa.
Bi Mwanaharusi akayaacha makofi yake hewani.
Nusu ya marehemu wa kike, Langoni hadi Mkomani,
walipita katika mikono ya mama yangu
kabla mikono hiyo haijasahau kifungo cha gauni.

"Mai yasiwe moto," akasema,
kwa sauti yake ile ya zamani, ya kuamuru.
"Yuwasikia."

Mimi humwogesha kila alfajiri. Nitasema ilivyo:
humwogesha kama nasugua sufuria,
huku mtoto anatafuta soksi ya shule,
kata moja, kata mbili, kwapa, mgongo, kwisha.
Yeye hupiga kelele. Nami humjibu kwa kelele.
Majirani wamezoea, au wamekuwa na adabu.

Jumatano nilichemsha maji, nikayapoza, nikayapima kwa kiwiko.
Nikaanza kuume. Nikaiacha shuka mahali pake.
Hakupiga kelele.
Hakuniita Salha pia; sitaki kuongeza chumvi.
Alinitazama kama fundi amtazamavyo
mwanafunzi aliyeletwa na mzazi wake jana,
akaushika mkono wangu uliokuwa na haraka,
akaupunguza,
akaupeleka mwenyewe.
"Hapa," akasema. "Nyuma ya shikio.
Wengi hupasahau."