Sura ya Tisa

Jumatatu, Jumatano, Ijumaa,
hapa Kutaisi damu yetu hutoka matembezi
ikarudi imeoshwa.
Mkono wa kushoto ni wa mashine.
Wa kulia ni wa kufunua kurasa.

Hatuulizani habari za figo.
Tunaulizana, "Umefika wapi?"
Lamara yumo kwenye mapishi, husoma kwa sauti:
jibini, kitunguu saumu, chumvi kijiko kizima,
chumvi aliyokatazwa tangu mwaka juzi,
na sisi tunameza mate.
Zauri anasoma kuhusu nyuki. Hana nyuki.

Nazibrola ndiye mwenye riwaya ya mauaji.
Akimaliza sura huichana taratibu
akampa Otari, Otari akanipa mimi,
maana subira ina mipaka yake.
Mimi wa mwisho nasoma kitabu kisicho na mgongo,
nao wananikodolea macho
wakingoja nishtuke.

Ijumaa ile kitanda cha Otari
kilikuwa na shuka jipya.
Sura ya tisa alikuwa nayo.
Nazibrola akaniinamia:
"Nikwambie muuaji?"
Nikasema la.

Wiki ya pili akaja binti yake na bahasha,
viatu vimejaa theluji.
Kurasa kumi na nne. Pembeni, kwa penseli,
mwandiko unaopanda mlima:
"Ni daktari wa meno. Si nilisema?"

Nikacheka mpaka mashine ikalia,
muuguzi akaja mbio.

"Umefika wapi?" akauliza Zauri,
akiwaacha nyuki wake.
"Pale pale alipo Otari," nikasema,
nikafunua ukurasa wa kwanza
kwa mkono mmoja.