Ubao Mama

Feni inazunguka. Taa ya kijani inawaka.
Kioo kimya, cheusi kama dirisha la jikoni
saa kumi na mbili jioni, Julai, hapa Punta Arenas,
ambako jua hutuaga kabla chai haijachemka.

Baltazar ana miaka kumi na miwili, na bisibisi.
Mimi nina kijitabu cha maelezo, nusu Kichina,
nusu Kihispania kilichochoka njiani.
"Umeiua," anasema.
Haniiti jina. Tangu baba yake anipe funguo za nyumba hii
mimi ni "we" tu,
au kikohozi kidogo mlangoni.

Drago yuko kwenye visima vya gesi, ng'ambo ya mlango-bahari,
siku kumi na nne kazini, kumi na nne nyumbani.
Leo ni ya tatu.

Haya, tuanze upya. Chomoa. Hesabu hadi kumi.
Kumbukumbu: zitoe zote mbili, rudisha moja,
kandamiza mpaka ilie tak.
Si hiyo.
Kebo ya pini nane, ile ya pembeni inayosahaulika:
nimeisahau kweli. Nakiri. Naichomeka.
Feni inanguruma sasa kama mtu aliyeshiba;
kioo bado usiku.

Tunaung'oa ubao mzima, tunaulaza
juu ya boksi la viatu vyake vya theluji.
Kumbe chini yake imesimama nguzo ya shaba,
ndogo kuliko jino la maziwa,
ilimshikilia yule wa zamani, na huyu mpya
ilikuwa ikimchoma mgongoni.
Kitu kidogo alichokiacha aliyetangulia
kinatosha kuzima nyumba.
Baltazar anaifungua kwa vidole, anaitia mfukoni.
Sisemi kitu.

Betri nayo itoke, ndogo kuliko sarafu ya peso mia.
Dakika tano. Upepo unalivutavuta bati la jirani.
Anakula mkate wangu, ule alioukataa asubuhi,
anautafuna akitazama kwingine.

Kisha maandishi! Meupe, makavu:
Hakuna diski ya kuwashia.
Ipo. Naiona. Nikiigusa ina joto.
Miaka tisa iliamshwa na mkono mmoja,
ikabishiwa hodi kwa namna moja;
huyu anabisha kwa lafudhi nyingine
nayo imejikunyata, haitiki.

"Mama mpya haijui," anasema Baltazar.
Anazungumzia ubao.
Tunautazama ubao, muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Diski hailazimishwi. Hilo nalijua.
Ukiilazimisha itakubali, lakini kwa kufutwa.
Mama ndiye ajifunze.
Ndani ya mipangilio, ukurasa wa nne,
upo mstari usemao: njia ya kale, imefungwa.
Nafungua.
Hifadhi. Toka.

Giza. Giza tena. Halafu, bila kishindo,
Ivania, koti jekundu, theluji magotini,
amempakata mtoto mwenye pua kama cheri.
Hajafa. Yuko Antofagasta, jangwani,
mvua haimfiki, na simu yake
hulia Jumapili, si zote.
Mtoto na mimi tunamwangalia akicheka.
Feni inazunguka.

Chini, kwenye pembe, saa imepotea:
mosi Januari ya mwaka ule
nilipokuwa bado nabangua kaa kiwandani Porvenir,
vidole vimekufa ganzi,
sijui kama kuna mtoto popote.
Betri ikitoka, saa husahau.
Nanyoosha mkono niirekebishe.
Naurudisha.

Baltazar anasukuma kibodi,
kidogo tu, upande wangu.
"Leo tarehe ngapi?" anauliza,
na kalenda imeninginia
juu ya kichwa chake.