Nakuja

Huku kwetu neno hili lina mgongo.
Mtu husema nakuja akiwa anaondoka,
na hakuna anayemshangaa.

Kitabu cha zamu, wodi ya wanaume, ghorofa ya tatu:
wagonjwa thelathini na wanane,
wawili wao wamelala mzungu wa nne kitanda kimoja.
Wauguzi: 2.

Mbili hiyo niliiandika saa moja jioni.
Saa tatu unusu Kadzo akaitwa leba,
huko nako amebaki mmoja na waja wazito saba.
Akanikabidhi funguo za kabati la dawa,
bado zina joto la mfuko wake,
akasema, lile lile, nakuja.

Nikapiga hesabu, kosa langu hilo.
Saa kumi na mbili ni dakika mia saba na ishirini.
Gawa kwa thelathini na wanane:
kumi na nane na ushei kwa kila roho.
Toa kunawa mikono. Toa kuandika.
Toa ngazi za kufuata damu, lifti imekufa tangu Mfunguo Mosi.
Toa dakika arobaini za kijana wa bodaboda wa Mishomoroni
aliyeng'oa mpira wa mkojo akitafuta viatu vyake.
Kilichobaki hakitoshi kumfunika mtu shuka
na kumuuliza jina la mamake.

Sista! Kitanda cha sita, maumivu. Nakuja.
Sista! Cha thelathini, dripu imekauka. Nakuja.
Sista. Hili la chini, la mtu anayeona haya:
kitanda cha kumi na tisa, Mzee Mwachiro,
aliyepakia magunia Kilindini ujana wake wote
na sasa upande wake wa kushoto haumtii.
Hataki dawa. Anataka kugeuzwa.
Kila baada ya saa mbili, ndivyo nilivyofundishwa;
asiyeweza kujigeuza ngozi yake huoza
kama papai lililolalia upande mmoja.
Nakuja, mzee wangu.

Saa nane sikuja.
Saa tisa nilipita mbio na sindano kwenye kisahani,
macho sakafuni.
Sakafu ya wodi naijua vizuri.
Muuguzi aliyechelewa huisoma kama barua.

Saa kumi na robo nikafika, mikono tayari,
nikamkuta amekwisha geuzwa,
mto umetiwa katikati ya magoti, sawasawa kabisa.
Na kitanda cha kumi na nane, Bwanaheri,
mkono mmoja kwenye plasta, anahema,
akaninong'oneza: Nilikutazama ukifanya juzi, sista.
Usiandike, wasije wakakugombeza.

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Dakika moja.
Sijui niliitoa kwa nani.

Adhana ya alfajiri ikaingia dirishani kutoka Makadara,
nyuma yake mahamri ya mtu, nyuma yake dawa ya sakafu.
Metroni akaja na kalamu yake nyekundu.
Kwenye kitabu hali ni neno moja: tulivu.
Nimeliandika miaka kumi na mmoja
kwa mwandiko mzuri.
Leo nikarudi juu ya ukurasa,
nikaikata ile mbili, nikaandika moja,
na pembeni, pasipo na safu:
Amegeuzwa na jirani yake.

"Kitabu cha serikali hakichorwi," alisema.
Hakukasirika.
Alisoma mara mbili, akakifunga
bila kutia saini.

Nyumbani Mikindani, sijavua viatu,
nikamwita Mbeyu, miaka sita,
aniletee kikombe cha maji.
Akanijibu kutoka chumbani kwa sauti tamu,
sauti yangu mwenyewe:
Nakuja.

Kisha nikasikia mlango wa nje ukifungwa.