Sifuri Iko Kwenye Koki ya Bibi Kisa

Ambakisye, usianzie kwenye kiwiko cha bomba.
Najua ndipo maji yanapopiga kelele,
ndipo yalipokulowesha shati asubuhi,
lakini mle ndani hatujui kitu,
si kanieneo, si kasi,
na mlinganyo mmoja haufumbui mafumbo mawili.

Panda nami hadi tangi la juu, kwenye mianzi,
ukungu wa Rungwe ututue kwenye nyusi.
Funua mfuniko. Tazama uso wa maji:
jani la mwanzi liko palepale tangu tufike.
Andika: kasi, sifuri.
(Tangi pana, bomba jembamba;
uso unashuka, ila kwa haya.)
Juu ya jani ni hewa tu,
hewa ileile inayokungoja chini, mdomoni mwa koki.
Hewa kwa hewa. Futa huku, futa kule.
Hatujachota hata kikombe
na nusu ya hesabu imekwisha.

Mhandisi wa kutoka Mbeya alianzia baharini.
Alikuja na kifaa, akaandika elfu moja mia sita na ushee,
akaibeba bahari mgongoni,
akapanda nayo, akashuka nayo,
mwisho akaitoa pande zote mbili, jasho likimchuruzika.
Jibu lake lilikuwa sahihi, sikatai.
Ila bahari haijawahi kutua ndoo hapa.

Mimi sifuri nimeiweka kwa Bibi Kisa,
juu ya lile jiwe lenye alama za ndoo.
Toka jiwe hadi jani, mita thelathini na moja.
Msuguano, usimsahau huyu, hula bila kunawa:
thelathini kazimaliza njiani.
Imebaki moja.
Hiyo moja ndiyo inayogeuka mwendo,
mita nne na kidogo kila sekunde,
na ndoo inajaa
Bibi Kisa hajamaliza kuniuliza watoto.

Miaka tisa nilijipima kuanzia kiwikoni:
mwaka ule wa ada, chuo kiliponirudisha
na begi na rula ndefu isiyoingia begini.
Kila hesabu niliyoanzia pale
ilikuwa na kelele nyingi, na haikufunga.

Haya, rudisha mfuniko.
Hapana, jani liache.
Kesho nalo tutalihitaji.