Kikombe cha Wageni

Chiromo, ghorofa ya pili,
namtia panya mgeni kizimbani.
Mwenyeji anamnusa, anamzunguka, sharubu zinamcheza.
Kesho nikimrudisha yuleyule
atamnusa mara moja tu, arudie punje zake:
kichwani mwake uzi mwembamba
umeshanong'ona, huyu tunamjua.

Jioni, Kariobangi, nabisha hodi.
Mama anafungua.
Anaugeuzageuza uso wangu kwa macho
kama noti mpya ya elfu.
"Karibu, mwanangu. U mtoto wa nani?"

Jana aliuliza. Juzi pia,
kwa hamu ileile, macho yaleyale yanayong'aa.

Halafu anafungua kabati la vioo,
anatoa kikombe chenye ua la dhahabu,
kile ambacho mimi na Mghoi
tulikatazwa hata kukigusa.

Nakipokea kwa mikono miwili.