Herufi Mbili

Barua za Cirhuza hupitia Kamembe,
huvuka Ruzizi ndani ya mkoba wa mwalimu Mweze,
hupanda ngazi za Kadutu zikiwa zimenyeshewa.

Ya kwanza: Erie, PA.
Mama akauliza, pa nani?
Nikamwambia ni jimbo, wamelifupisha.
"Jimbo zima, herufi mbili?
Hata mkia wa mbuzi haukatwi hivyo."

Kisha kazi ya kuchinja kuku ikaisha, akahama.
Tacoma, WA.
Wa nani? Safari hii hakungoja jibu.
Alichukua biki yangu
akaongeza pembeni: wa Nabintu.
Nabintu ni yeye.

Mimi nami nimesoma ISP, miaka mitatu,
na majirani bado wanadhani ni ugonjwa.
Kwa hiyo sikucheka.

Jana imefika ya tatu. Monroe, LA.
Akaisoma kimya, akaigeuza bahasha kama chapati.
Ndani: picha, dola ishirini,
hakuna neno la kurudi.

Leo tunajibu. Naandika anwani,
mama ananishika mkono.
"Hilo la, usiliandike.
Weka jina lote la jimbo,
hata likimwagikia kwenye stempu."