Daftari la Fundi Cherehani

Mwaka wa kwanza niliandika neno moja: mafuta.
Matone mawili shingoni, moja penye goti la sindano,
futa, zungusha gurudumu kwa kiganja,
sikiliza.
Shaame hakunipa zaidi ya hapo.
Alinipa kigoda na kipande cha kanga kuukuu,
akarudi kwenye redio yake.

Mwaka wa pili: mkanda.
Wa tatu: meno yanayosukuma nguo.
Wenzangu wa skuli walishavuka Unguja, mmoja yuko Maskati,
wanakuja likizo na viatu vinavyolia sakafuni
na swali lile lile:
“Bado uko hapo hapo, Zuwena?”

Bado. Wete, mlango wa tatu kutoka sokoni.

Mwaka wa nne sikuandika. Niliona haya.
Kumi la mwisho la Ramadhani,
Shaame kenda Mkoani kuzika,
Bi Raya kaleta ovaloki yake,
nguo za watoto kumi na saba zinangoja Idi.
Nikasema: naiweza.
Mdomo ulitangulia mkono.
Niliifungua mpaka mfupani,
skrubu nikazipanga juu ya kawa,
kisha nisijue ipi ya wapi.

Watoto kumi na saba walisali Idi na nguo za mwaka jana.
Mmoja namjua, sasa mwalimu.
Hadi leo simtozi.

Shaame aliporudi hakugomba.
Alinisogezea kopo la mafuta kwa mguu.

Daftari sasa lina miaka ishirini na tisa.
Kuna ukurasa uliojaa mpaka pembeni,
ule wa kumi na moja, nilipojua kwa sikio tu
kwamba ndoana ya bobini imechoka.
Na kuna wa kumi na tano, pacha wangu wana homa,
mstari mmoja, wino umefifia:
“Mwaka huu nimeshika nilichonacho, basi.”
Nao ni mwaka.
Watu husema haba na haba hujaza kibaba.
Hawasemi kwamba kibaba nacho huvuja.

Juzi imeletwa mashine ya kudarizi kofia.
Haina pedeli. Ina kioo kinachowaka.
Mwenyewe ananitazama, na miwani yangu, na mvi:
“Utaiweza?”
Nikausikia ule mdomo wa mwaka wa nne
unataka kutangulia tena.
“Iache,” nikamwambia. “Ila Ijumaa sikuahidi.”

Machano, mwanagenzi wangu, miaka kumi na tisa,
anakigusa kioo kama anayemkuna paka,
maua yanatokea, yanageuka, yanakuwa nyota.
Mimi niko kigodani, kitambaa mkononi.
“Mafuta inatiwa wapi?”
Anacheka. “Hii haitiwi, bibi.”

Nimeitafuta siku mbili.
Chini ya bamba, nyuma,
tundu dogo kama jicho la dagaa.

Mwaka wa thelathini: tone moja.
Kioo, mwakani.